Kila Sauti Ipimwe

 

Katika toleo hili tuzungumze swali ambalo akina mama wengi huniuliza, kliniki na hata baada ya ibada. Je, Mungu husema na waamini moja kwa moja leo, kama alivyosema na Samweli usiku hekaluni, au kama alivyosema na Eliya mlimani? Na kama husema, mtu atajuaje kwamba ni yeye?

Wako wanaodhani kwamba swali hili ni la wachungaji na walimu wa vyuo vya Biblia peke yao. Sivyo. Kwa mama mwenye watoto linaweza kuwa swali la uhai na kifo. Katika kazi ya uuguzi nimewapokea akina mama walioacha vidonge vya kifafa, vya presha na vya kifua kikuu kwa sababu waliambiwa kwamba Bwana amesema wamekwisha kupona. Mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa na virusi vya UKIMWI, na dawa zake alikuwa amezimeza miaka kadhaa bila kukosa. Katika mkesha mmoja akaelezwa kwamba kumeza dawa ni kumwonyesha Mungu kuwa hamwamini. Akazitupa chooni. Alipofika kwetu alikuwa amekonda, na kinywa kimejaa utando mweupe. Tukamrudishia dawa. Mtoto akazaliwa, lakini alipopimwa akiwa na wiki sita alikutwa na maambukizi. Yule mama aliniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: “Nesi, mimi sikumkataa Mungu. Nilimtii.”

Ndugu zangu, ninyi mnaona uzito wake. Mama yule hakuwa mzembe wala mwenye dhambi kuliko sisi. Alitaka kutii, ila hakuna aliyemfundisha kupima alichoambiwa. Kwa hiyo nasema mapema kile ninachotaka tukishike leo: Mungu wetu si bubu, lakini neno linalotoka kwake kweli halikimbii kupimwa. Anayekukataza kupima anaficha kitu.

MAKANISA YETU YASEMAVYO

Wasomaji wa gazeti hili tunatoka katika madhehebu mengi, na katika jambo hili hatusemi kwa kinywa kimoja. Ni vema kila mmoja amsikie mwenzake bila dharau.

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba unabii, ndoto za mafunuo na karama za namna hiyo zilikuwa za wakati wa mitume, ili kuthibitisha Injili kabla Agano Jipya halijakamilika. Wao husoma Waebrania 1:1-2, panapoeleza kwamba Mungu aliyesema zamani kwa njia nyingi amesema mwisho kwa Mwana wake. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Benjamin Warfield, alitetea fikra hiyo katika kitabu alichotoa mwaka 1918. Wenye msimamo huu husema: ukitaka kumsikia Mungu, fungua Biblia.

Walutheri wamerithi onyo la Martin Luther. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537 alifundisha kwamba Mungu humpa mtu Roho wake kupitia Neno linalohubiriwa na sakramenti, na aliwaonya watu waliojisifu kuwa na Roho nje ya Neno hilo. Hata hivyo wako Walutheri wengi hapa Tanzania, na Waanglikana pia, walioguswa na uamsho, ambao hutoa ushuhuda wa ndoto na maono. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda na Uganda karibu na mwaka 1929, uliyaacha makanisa hayo na desturi ya kushuhudia mbele ya wenzao.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ufunuo wa wazi, ule wa watu wote, ulikamilika katika Kristo na mitume wake. Lakini linakubali kwamba wapo watu wanaopata mafunuo ya binafsi. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inaeleza kwamba mafunuo hayo hayaongezi kitu katika imani. Kazi yake ni kuwasaidia watu waiishi imani hiyo vizuri zaidi katika wakati fulani, na Kanisa ndilo linaloyapambanua.

Ndugu zetu Wapentekoste wanaamini kwamba karama zote alizotaja Paulo katika 1 Wakorintho 12 zipo hata leo, pamoja na unabii na neno la maarifa. Wasabato wanaamini kwamba karama ya unabii ilionekana kwa Ellen White, mama wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1915, na wao wenyewe husema kwamba maandishi yake yapimwe kwa Biblia.

Mimi si mwanateolojia, wala sitaamua hapa nani ana haki. Ninachotaka mkione ni kwamba yule asemaye unabii umekoma hupima kila neno kwa Biblia. Mkatoliki hupima kwa Biblia na mafundisho ya Kanisa lake. Mpentekoste anayeyajua Maandiko anajua agizo la 1 Wakorintho 14:29, kwamba manabii wawili au watatu waseme na wengine wapambanue. Kwa hiyo yule anayesimama na kusema, “Bwana ameniambia, na asiulize mtu,” hana pa kuegemea katika kanisa lolote kati ya hayo.

SISI WA ULUGURU SI WAGENI

Watu wa milima hii wanalijua swali hili tangu kabla ya wamisionari. Upande wa mashariki ya Uluguru, huko Kolero, palikuwa na mahali pa kutambikia palipojulikana mbali sana. Waluguru, Wakutu na Wazaramo walisafiri kwa miguu kwenda kwa Kolelo kuomba mvua na baraka za mashamba. Walipewa majibu kupitia wahudumu wa mahali pale.

Mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, habari zilienea kwamba Kolelo amekataza watu kulipa kodi, na kwamba wageni wanakaribia kuangamizwa. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akiwapa watu maji na ahadi kwamba risasi hazitawadhuru. Vita vya Maji Maji vikawaka, vikaendelea mpaka mwaka 1907. Wazee wetu wengi walikufa kwa risasi, na wengine wengi zaidi kwa njaa iliyofuata, kwa sababu vyakula na mashamba viliteketezwa.

Sisemi haya ili kuwadharau wazee. Madhila yao yalikuwa ya kweli: kodi, viboko, kazi ya lazima katika mashamba ya pamba. Walistahili kuwa huru. Lakini maumivu ya kweli hayakuifanya ahadi ya maji kuwa ya kweli. Ndivyo ilivyo hata leo. Mama anayekwenda kwa nabii ana maumivu ya kweli: mtoto haponi, mume amehama nyumba, mimba hazikai. Maumivu hayo tuyaheshimu. Ila tujue kwamba mtu aliye katika maumivu makali ndiye mwepesi zaidi kupokea neno bila kulipima.

KIBEHO NA KANUNGU

Nchi jirani zimetupa mifano miwili ambayo kila mama angefaa kuijua.

Kibeho ni mahali kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981, msichana wa shule aitwaye Alphonsine Mumureke alisema amemwona Bikira Maria. Wenzake walimcheka, na walimu hawakumwamini. Baadaye wasichana wengine wawili wa shule ileile, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, walisema vivyo hivyo. Kisha wakatokea watu wengi waliodai maono, na umati ukaanza kumiminika.

Askofu alifanya nini? Hakuwafukuza wasichana, wala hakupiga kengele kutangaza muujiza. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Madaktari waliwachunguza wale wasichana afya ya mwili na ya akili. Wanateolojia walisikiliza maneno yao na kuyalinganisha na imani ya Kanisa. Kazi iliendelea miaka mingi. Ni mpaka tarehe 29 Juni 2001 ndipo Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alipotangaza hukumu, akawakubali wale watatu tu. Karibu miaka 20! Hata ndugu zetu Waprotestanti wasiopokea habari za kutokewa na Bikira Maria wanaweza kujifunza subira katika kazi hiyo.

Sasa tazameni Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Huko nako, katika miaka ya 1980, mwanamke aitwaye Credonia Mwerinde alisema anatokewa na Bikira Maria. Yeye na Joseph Kibwetere wakaongoza kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Wafuasi waliuza mali zao na kuzileta kwa viongozi. Walizuiwa kuzungumza ovyo, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono. Mapadri na masista waliokuwa ndani ya kundi hawakukubali tena kuongozwa na askofu wao. Walitangaza kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukimalizika. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Kati ya waliokufa walikuwamo akina mama na watoto wao.

Maono ya Kibeho na ya Kanungu mwanzoni yalifanana. Wote walisali rozari, wote walitaja toba. Tofauti ni kwamba Kibeho walikubali kuulizwa, na Kanungu walifunga watu vinywa.

SAMUNGE NA SHAKAHOLA

Hapa kwetu hatujasahau mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alieleza kwamba Mungu amemwotesha dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500, na watu waliamini kinaponya kisukari, UKIMWI, saratani na magonjwa mengine sugu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikwenda maskini, walikwenda na mawaziri. Viongozi wa dini wengine walibariki, wengine walipinga. Makumi ya wagonjwa walifia njiani na kwenye foleni, wengine wao wakiwa wametolewa wodini. Madaktari walionya, maana walikuwapo waliokuwa wakiacha dawa zao baada ya kunywa kikombe.

Mzee yule alifariki mwaka 2021. Wengi waliomfahamu walimwona mtu mpole, na kwa shilingi 500 hakuna anayeweza kumwita mwenye tamaa. Hapo ndipo pana funzo kwetu. Tumezoea kudhani kwamba nabii wa kuogopwa ni yule mwenye gari kubwa na walinzi. Kumbe hata mtu mnyofu anaweza kuota ndoto, naye akaiamini kwa moyo wote, na bado ndoto ile ikahitaji kupimwa. Unyofu wa msemaji si kipimo cha kutosha. Ilipasa waliokunywa wapimwe damu na sukari kabla hawajaacha dawa zao. Kama ni Mungu aliyeponya, kipimo kingemtukuza.

Na mwezi wa Aprili 2023 tulisikia habari za Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na mingi ilikuwa ya watoto. Waendesha mashtaka wanadai kwamba mhubiri Paul Mackenzie aliwafundisha watu kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. Lakini makaburi yalionekana. Mtoto hana uwezo wa kupima unabii. Mama yake ndiye anayempimia.

WANAWAKE WA BIBLIA WALIPIMA

Baadhi ya akina mama wataniambia, “Dada, kupima si ni mashaka? Si ni kumkosea Roho?” Twendeni kwenye Maandiko.

Soma Waamuzi 13. Mke wa Manoa, ambaye hata jina lake hatukupewa, alitokewa na malaika na kuambiwa atazaa mwana. Alikwenda kumweleza mumewe neno kwa neno. Manoa akaomba mjumbe yule aje tena awafundishe. Mungu hakukasirika. Alimtuma malaika mara ya pili, na safari hii pia alimwendea yule mama shambani, naye akakimbia kumwita mumewe. Neno lililotoka kwa Mungu lilikubali kurudiwa na kusikiwa na wawili.

Soma Luka 1. Mariamu alipopata habari kubwa kuliko zote, aliuliza litakuwaje jambo hilo. Gabrieli hakumkemea. Alimjibu, tena akamtajia habari za Elisabeti, mwanamke ambaye Mariamu angeweza kwenda kumwona kwa macho yake. Naye akaenda.

Soma 2 Wafalme 22. Kitabu cha sheria kilipookotwa hekaluni, mfalme Yosia aliwatuma kuhani na wakuu wake wakaulize neno la Bwana. Wakaenda kwa nani? Kwa mwanamke, Hulda nabii. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba kupambanua neno ni kazi ya wanaume peke yao.

Na kama bado unaogopa, soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa ameagizwa waziwazi asile wala asinywe njiani. Nabii mzee akamdanganya kwamba malaika amemwambia amrudishe nyumbani ale. Alikubali bila kupima, kwa kuwa aliyesema alikuwa nabii tena mzee. Simba akamuua njiani.

KILA HOMA SI MALARIA

Mnakumbuka zamani, mtoto akichemka tu tulimpa klorokwini. Mwaka 2001 dawa hiyo iliondolewa kuwa ya kwanza kwa malaria hapa nchini, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Siku hizi mtoto akiletwa na homa tunamtoboa kidole kwanza na kusoma kipimo ndipo tumpe dawa ya mseto. Hatufanyi hivyo kwa sababu hatuamini malaria. Tunafanya kwa sababu homa zinafanana. Nimonia ina homa, mkojo mchafu una homa, na taifodi ina homa.

Na sauti nazo zinafanana. Moyo wetu una sauti, hofu ina sauti, tamaa ina sauti, na jirani mwenye nia mbaya anaweza kuazima jina la Bwana. Basi mtu akikuletea neno, au wewe mwenyewe ukiota au kusikia msukumo wa ndani, lipime hivi:

1. Je, linakubaliana na Maandiko? Paulo katika Wagalatia 1:8 anakataa hata malaika akileta injili nyingine. Kumbukumbu la Torati 13 inaongeza kwamba hata ishara ikitokea kweli, anayekuvuta mbali na Mungu asisikilizwe. Sauti inayokuambia umwache mume asiye na kosa, au umchukie mama mkwe kwamba ndiye mchawi wako, haijatoka kwa Mungu wa amri ya upendo.

2. Je, linakubali kuonekana na wengine? Mpelekee mumeo, mchungaji au padri wako, mama mtu mzima wa jumuiya. Ukiambiwa, “Usimwambie mtu, baraka itapotea,” ujue tatizo limekwisha kujitokeza.

3. Je, nani anafaidika? Nabii Mika, sura ya 3, aliwakemea manabii waliotabiri kwa fedha. Hapa Uluguru mashamba mengi hupita katika ukoo wa mama. Shamba hilo si lako peke yako, ni la binti zako na la wapwa zako. Neno linalokutaka uliuze ili upande mbegu madhabahuni kwa mtu fulani, lifikishe kwanza kwenye kikao cha ukoo.

4. Je, linatoa muda? Mungu alimwita Samweli mara nne kabla kijana hajajibu ipasavyo. Hakumwadhibu kwa kuchelewa. Anayekuambia uamue usiku huuhuu, kabla hujatoka mkeshani, anaogopa mapambazuko.

5. Je, linakataza dawa? Katika 2 Wafalme 20, Isaya alimpelekea Hezekia neno la Bwana kwamba atapona. Papo hapo akaagiza walete mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Ahadi na dawa vilitoka katika kinywa cha nabii yuleyule. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Kwa hili la tano nizungumze kama muuguzi. Ukiamini kwamba umeponywa, mshukuru Mungu, kisha njoo upimwe ukiwa bado unameza dawa. Kifafa kikiachwa ghafla bila vidonge, mtu anaweza kupata degedege mfululizo na kufa. Kifua kikuu kikitibiwa nusu kinarudi kikiwa sugu. Mama mwenye VVU asipopata kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaweza kuambukizwa wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha. Akimeza dawa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Mimi katika tarakimu hizo naona rehema ya Mungu kwa watoto.

SAUTI BAADA YA KUJIFUNGUA

Kuna jambo moja ambalo akina mama hulificha, nalo ni la lazima tuliseme. Kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili hupata ugonjwa mkali wa akili, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali hata mtoto akilala. Anaongea haraka au ananyamaza kabisa. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na mara nyingine anasema Mungu anamwagiza jambo juu ya mtoto, au kwamba mtoto si wa kawaida.

Huyu si nabii, wala hajaingiliwa na mizimu ya ukoo. Ni mgonjwa, kama vile mwenye kifafa cha mimba alivyo mgonjwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache. Dawa zipo, na wengi hupona kabisa wakalea watoto wao. Ombeni, naam, lakini ombeni mkiwa ndani ya gari. Malaria kali nayo humfanya mtu aweweseke na kusikia sauti. Hapo pia mbio ni za hospitali.

BASI TUMSIKIEJE?

Baada ya maonyo haya yote, msije mkafunga masikio. Paulo katika 1 Wathesalonike 5:19-21 anaweka maagizo pamoja: tusimzimishe Roho, tusidharau unabii, tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Asiyepima anaweza kuangamia. Naye anayedharau kila kitu anaweza kupitwa na Bwana mlangoni.

Mimi nimeona kwamba Mungu husema zaidi na mtu aliyezoea sauti yake. Mtoto mchanga humtambua mama yake kwa sauti kwa sababu aliisikia miezi kadhaa tumboni. Nasi tukisoma Biblia kila siku, hata aya chache kabla ya kuwasha jiko, tunaizoea sauti ya Mchungaji. Sauti ya mgeni ikija tunaistukia. Mama anayesoma Biblia siku ya shida tu ni rahisi kudanganywa.

Tena mara nyingi Bwana husema nasi kuhusu jambo dogo tunalolijua tayari. Unakumbuka jirani aliyefiwa, na moyo haukuachii mpaka uende. Unasikia haya kwa maneno uliyomtolea binti wa kazi. Unaguswa kumpeleka mtoto kliniki ambako ulikuwa unaahirisha. Maneno ya namna hiyo hayahitaji nabii wa kukulipisha. Yapime kwa upendo, kisha yatii upesi.

Na wewe uliyekwisha kupokea neno lililokuumiza, uliyeacha dawa, au uliyetoa fedha za ada ya watoto, usijifiche kwa aibu. Rudi kliniki. Wauguzi walio wengi hawatakucheka, na ukikutana na anayekucheka, omba kuonana na mwingine. Rudi kwa wenzako kanisani. Mungu hakukukasirikia kwa kuwa ulitaka kumtii.

Bwana atupe masikio ya kusikia na hekima ya kupambanua. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika jumuiya yetu, mtu akisema ameoteshwa au amepewa neno, nani hulipima, na kwa njia gani?

2. Someni Waamuzi 13. Mke wa Manoa alifanya nini baada ya kupata neno? Sisi tungefanya nini?

3. Je, yupo mama kati yetu aliyeacha dawa kwa sababu ya neno aliloambiwa? Tunawezaje kumsindikiza kliniki bila kumwaibisha?